Aliyekunywa Kwanza: Tata Tshimanga Mpoyi Anaiaga Chemchemi ya Kamisenga

Tarehe 31 Machi 2025, Tata Tshimanga Mpoyi, mlinzi wa chemchemi na msitu wetu, amestaafu baada ya kulitumikia Shirika la Maji la Kamisenga kwa miaka thelathini na minane. Aliingia kazini akiwa kijana wa suruali pana na nywele nyingi. Anatoka akiwa babu. Suruali ni ileile, kama mkewe anavyodai, na nywele zilikwenda zake zamani.

Kamati iliomba mtu wa ofisi aandike wasifu huu kwa ajili ya jarida letu. Watu wa ofisi, ambao siku nyingine hupiga miayo mpaka saa sita, wote walijikuta ghafla na kazi nyingi. Basi mzigo ukaniangukia mimi, Stany, fundi wa pampu, ambaye mikono yangu inaijua spana kuliko kalamu. Niliambiwa niandike kwa furaha, kwa sababu kustaafu ni sherehe. Nimejaribu. Mahali niliposhindwa mnisamehe, maana wote mnajua tunaagana na mtu wa namna gani, na anaagana na nini.

Tata Tshimanga ni mtoto wa Kolwezi. Baba yake, Mzee Mpoyi, aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, akaoa huku, akazaa huku, akazikwa huku. Kijana Tshimanga hakulipenda shimo. Alikuwa akisema kwamba baba yake alitafuta mali chini ya ardhi maisha yake yote, na kila alipotoka humo kitu cha kwanza alichokiomba kilikuwa maji. Kwa hiyo mwaka 1987 shirika lilipotafuta mlinzi wa chemchemi, yeye alikuwa wa kwanza kubisha hodi.

Msomaji asiyetoka kwetu labda haijui chemchemi yenyewe, na siku hizi hatuna cha kumwonyesha. Iko pembezoni mwa mtaa wetu wa Kamisenga, upande wa barabara ya kwenda Lubudi, chini ya kilima. Wakati ule ilizungukwa na msitu wa kweli, mitondo na misuku, mzito kiasi kwamba mvua za kwanza zikinyesha akina mama waliingia humo na vikapu kuokota uyoga na viwavi, wakatoka wanaimba. Maji yalichomoza chini ya mizizi, baridi, yakaingia kwenye bomba letu na kuteremka yenyewe mpaka kwenye fontene, bomba la watu wote la mtaa. Pampu ilihitajika miaka mingi baadaye, maji yalipoanza kupungua, ndipo na mimi nikaajiriwa. Tata Tshimanga hakuchoka kunikumbusha kwamba kabla yangu kazi hiyo ilifanywa na msitu, tena bila kunywa hata tone la mazuti, dizeli ya kuendeshea mashine.

Sasa nije kwenye kopo. Huwezi kumwandika Tshimanga ukaliacha kopo.

Fontene ilipofunguliwa, wanawake wa Kamisenga waliikataa. Maji yaliyopita ndani ya chuma yalikuwa maji ya mashaka. Ilisemekana yametiwa dawa ya kuzuia uzazi, na kwamba mlinzi mwenyewe ni mtu wa kuja. Wakaendelea kuteka mtoni. Kamati iliitisha mkutano ikaeleza, ikaitisha mwingine ikaeleza tena, na fontene ikabaki bila mtu. Ndipo Tshimanga akakumbuka desturi ambayo sote tumelelewa nayo: anayempa mgeni kinywaji hukionja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Akachukua kopo lake la bati, la bluu, lililobanduka rangi kwenye mdomo, akasimama fontenini asubuhi wakati wanawake wakipita na ndoo zao kuelekea mtoni. Akafungua bomba, akajaza, akanywa lote, akapangusa midomo, akasema: "Bamama, mayi iko bien. Muteke."

Siku ya kwanza walicheka wakapita. Baada ya siku kadhaa mmoja akasimama. Alikuwa Mama Dodo, wakati huo mke kijana mwenye haraka zake, akamwambia, "Kunywa tena, mi nione." Akanywa tena. Mama Dodo akateka, na wengine wakamfuata. Tangu hapo asubuhi ya Kamisenga ilianza hivyo: Tata Tshimanga anakunywa kwanza, anasema maneno yake, ndipo mtaa unateka. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Lakini ungejaribu kuweka ndoo yako chini ya bomba kabla hajanywa, ungeona ulivyotazamwa.

Alikunywa akiwa na malaria. Alikunywa siku ya Noeli na siku ya mwaka mpya. Asubuhi ya harusi yake alipitia fontenini akiwa na koti na tai, akanywa kwa uangalifu asije akajilowesha, huku bibi harusi, Mushiya, akingoja kanisani na wajomba wake wakianza kunong'onezana. Mama Mushiya hajalisahau jambo hilo. Kila penye sherehe hulirudia: "Huyu alioa mayi mbele. Mi nilikuya wa pili." Hulisema akicheka, ila hulisema.

Mara moja tu nilimshikia nafasi, alipokwenda Kananga kwenye kilio cha mjomba wake. Nilikunywa kopo zima, nikayasema maneno kama yeye. Hakuna aliyesogea. Walinikodolea macho, na mimi nikawakodolea wao, mpaka nikaelewa kwamba walikuwa wanangoja waone kama nitaanguka.

Kuna jambo wazee hawapendi litajwe, nami nitalitaja kwa ufupi kwa sababu ni la heshima kwake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, hata wale ambao huko kwao hawakuwahi kupaona, familia nyingi za mtaa huu zilibeba magodoro yao mpaka stesheni ya treni. Vijana walikuja kumtoa na Tshimanga. Walimkuta fontenini, na mbele yake wamesimama wanawake wa kila kabila na ndoo zao. Mama Dodo, ambaye ni Mlunda wa hapahapa, ndiye aliyejibu. "Akienda, nani atatuonjeaka mayi? Weye?" Vijana walitazamana, wakaondoka. Tata Tshimanga alibaki, na nadhani tangu siku ile alijua kwamba nyumba yake hapa Kolwezi imejengwa juu ya kopo lile.

Mkiuliza mafanikio ya kazi yake, yapo. Kiangazi kirefu kilikuja na kupita, jicho la maji halikufumba. Mwaka ambao kipindupindu kilizunguka mtaa baada ya mtaa, kwetu hakikupata mlango. Kila mwanzo wa mvua alipanda misuku kuzunguka chemchemi, akaiwekea majani makavu shinani na kuikinga na mbuzi. Watoto wa shule ya msingi walijitolea kumsaidia, hasa baada ya kugundua kwamba masuku yakiiva mlinzi hujifanya haoni.

Lakini msitu haulindwi na mtu mmoja. Mji ulikua, umeme ukawa wa kubahatisha, na kila sufuria ya bukari, ugali wetu, Kolwezi nzima ikataka makala, yaani mkaa. Watu walikuja na mashoka. Tata Tshimanga hakuwa mtu wa ngumi. Siku moja alimkuta mchoma makala ameanza kukata mtondo mkubwa karibu kabisa na jicho la maji. Hakumnyang'anya shoka. Alimpa kopo la maji, akamwambia anywe kwanza, kisha aangalie maji hayo yanatoka chini ya nini. Yule bwana akanywa, akaangalia, akashukuru sana, akabeba shoka lake akaenda. Tata alitusimulia kisa hicho kwa fahari juma zima. Juma lililofuata yule bwana alirudi, safari hii na shemeji zake. Tulicheka mpaka machozi, na Tata mwenyewe akacheka. Sasa nikikumbuka sicheki.

Kisha ikasikika kwamba chini ya kilima chetu kuna kobalti. Vijana walitoka kila pembe ya Kongo, wakachimba mashimo juu ya chemchemi na kuoshea mawe yao kwenye kijito kinachoingia mtoni. Nyuma ya kilima, kiwanda fulani nacho kikachimba bwawa la takataka zake. Jina sitalitaja, maana maji hayakutufikia na jina. Tata alipanda kilimani kuongea na wachimbaji. Alimpata mmoja anayesikilizwa na wenzake, Guelord, kijana wa Mbuji-Mayi kule Kasai, wakasalimiana kwa lugha ya baba zao. Alimwomba wahamishe mahali pa kuoshea, wapeleke chini ya fontene, na wasiiguse miti ya jichoni. Guelord alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamjibu kwa Kiswahili ili na wenzake wasikie: "Tata, na mi niko na batoto. Hii miti itabalisha?"

Tata aliteremka kilima. Aliporudi alituambia kwamba kijana hakumkosea heshima, na kwamba hilo ndilo lililomuumiza. Angekuwa mkorofi, angemchukia akapumzika. Guelord na kundi lake walihamia chini kwa msimu mmoja. Wakaondoka kufuata kobalti ya kwingine, wakaja wengine, na hao wengine hawakumjua Tata wala kopo lake.

Kijito kiligeuka chekundu, baadaye kikawa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na samaki wadogo wakaelea matumbo juu. Lakini chemchemi yenyewe ilibaki angavu. Ilipungua, ndiyo, pampu yangu ikawa inavuta kwa kukohoa, ila maji yaliyotoka yalikuwa safi kwa macho na baridi mdomoni kama zamani. Kila asubuhi Tata aliyanywa na kila asubuhi akasema iko bien. Sisi tukashukuru Mungu kwamba angalau jicho limesalimika.

Ni Madame Wivine wa maabara aliyeshuku. Alipeleka maji Lubumbashi kupimwa, akapeleka tena ili asije akawatia watu hofu bure, na mwishoni mwa mwaka 2021 majibu yakarudi. Aliyaleta asubuhi, kopo la siku hiyo likiwa limeshanywewa. Kabla ya kuiona kamati alimfuata Tata fontenini, jambo ambalo nitamheshimu kwalo maisha yangu yote, na akamweleza taratibu. Madini yameingia kwenye maji ya chini. Ni mengi kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Mtu mzima anaweza kuyanywa miaka asihisi kitu, na watoto ndio huumia kwanza.

Tata alimsikiliza. "Ulimi yangu haikujua?" akauliza.

"Tata, haina harufu, haina ladha," Madame Wivine akamwambia. "Ulimi ya mutu hata moja haingejua."

Alikusudia kumfariji. Tata alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu, akalitazama kopo. Mimi nilikuwa pale, nimeshika spana, na naweza kuwaambia kwamba hakuwa anafikiria maji aliyokunywa yeye. Alikuwa anafikiria neno lake. Alikuwa amewaambia iko bien, asubuhi baada ya asubuhi, na watoto wa mtaa mzima walikunywa kwa sababu yeye alisema.

Kamati ilikutana siku hiyohiyo. Mwenyekiti wetu, Tata Tshilombo, si mtu mbaya, na msidhani ninamsema vibaya. Hakukuwa na maji mengine. Gari la maji lilikuwa bado ni ahadi. Akamwambia Tata mbele yetu: "Ukiacha kunywa kesho, batashuka ku muto, na muto iko mubaya kupita. Unywe tu kidogo, mpaka tupate kamio ya mayi." Tulimgeukia Madame Wivine. Hata yeye hakuweza kukanusha, kwa sababu ni kweli, mto ulikuwa mbaya zaidi. Tata Tshimanga alivaa kofia yake akaenda nyumbani.

Asubuhi yake foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Alifungua bomba, akajaza kopo, akaliinua mpaka kifuani. Akina mama walikuwa wameshashika ndoo zao. Kisha akaligeuza kopo taratibu, maji yote yakamwagika chini kwenye vumbi.

"Bamama," akasema, "mayi haiko bien. Musiteke."

Wengine walicheka, wakidhani ni mzaha. Yeye ni mtu wa mizaha. Mama Dodo hakucheka. Wakati huo alikuwa ameshakuwa bibi. Binti yake Tania alikuwa amejifungua juma lile, na nyumbani kulikuwa na kichanga cha kuogeshwa na mzazi wa kupikiwa uji. Alimpokea Tata kopo, akalijaza mwenyewe, akapiga goti kidogo na kumpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe wake.

"Tata, onja tu. Ukionja, tutateka."

Wengine nao wakaanza. Onja, tata. Onja tu. Hawakuwa wajinga. Kila mmoja pale alikuwa amesikia aliyosema. Walichokuwa wakimwomba ni kwamba anywe, ili maji yawe maji tena, waende nyumbani wakapike.

"Siwezi kuonja kitu yenye najua iko na sumu, mama," akasema. "Siwezi." Machozi yalikuwa yanamtoka hadharani, mzee mzima, na hakuyapangusa.

"Sasa batoto batakunywa nini?"

Sisi wote tuliokuwa tumesimama nyuma yake na sare za shirika hatukuwa na maji mengine ya kuwapa.

Basi wakabeba ndoo zao wakashuka mtoni, kama alivyosema mwenyekiti. Tata alikimbia akawapita, akaingia majini na viatu vyake, akatandaza mikono. Walimpitia kushoto na kulia. Hakumgusa mtu wala hakumsukuma mtu, alisimama tu pale akirudia, "Hapana, bamama, hapana," na ndoo zikijaa pembeni yake. Mama Dodo alikuwa wa mwisho. Alimwangalia akasema: "Ulikuwa unatupatiaka mayi. Leo unatuua na kiu." Baada ya hapo hakumsalimu tena.

Mtaa haukuwa mwema kwake kipindi kile. Walimwita mfunga maji. Watu waliosahau kabila lake kwa miaka thelathini walilikumbuka. Yeye alichukua baiskeli yake akawa anakwenda kwenye kisima cha misheni, mbali, na kurudi na mabidoni, madumu ya maji. Moja aliliacha kwenye lango la Mama Dodo, bila kubisha. Mama Mushiya ndiye aliyeniambia mimi, maana Tata asingesema. Bidoni lilikaa pale mchana kutwa, ndipo lango likafunguliwa kidogo na mkono ukaliingiza ndani. Asubuhi lilikuwa nje tena, tupu, limeoshwa. Tata akaliacha lingine. Wakaendelea hivyo, yeye analeta na lango linapokea, bila neno, mpaka gari la maji lilipoanza kufika.

Mpaka leo mtaa unategemea gari hilo, na siku lisipokuja mnajua wenyewe. Kazi ya Tata katika miaka hii ya mwisho haikuandikwa popote katika mkataba wake. Yeye aliyewapa watu maji ya chemchemi ile maisha yake yote alikaa langoni pake kuwazuia wasiyanywe. Nimemwona akiwafukuza watoto wa shule kwa fimbo ambayo asingeweza kumpiga nayo hata mbuzi. Walikimbia wakicheka, naye akabaki ameegemea ukuta, akitazama pembeni. Msuku wa mwisho kati ya ile aliyoipanda ulitumbukia kwenye shimo mvua za mwaka jana. Madame Wivine hupima kila mwaka, na kila mwaka Tata humuuliza kwa macho tu, naye hutikisa kichwa.

Sasa anakwenda Lubudi, ambako binti yake Ngalula ana shamba karibu na reli. Amekusanya mbegu za masuku ndani ya kopo la maziwa ya unga na hataki mtu mwingine alibebe. Nilimuuliza kwa nini asibaki, mtu ambaye hata wakati ule wa treni hakuondoka. Akanijibu kwamba hawezi tena kuamka asubuhi mahali ambapo hana la kuwaambia watu. Kile ambacho vijana wa miaka ya tisini walishindwa kukifanya, maji yamekifanya.

Jumamosi tarehe 29 tulimfanyia sherehe hapa kwenye uwanja wa shirika, unaotazamana na fontene. Tata Tshilombo alitoa hotuba, na katikati yake aliomba msamaha kwa lile aliloliomba mwaka ule. Hakulazimika, wala halikuwa kwenye karatasi yake. Tulimpa Tata baiskeli mpya, kwa kuwa ile ya zamani ilifia kazini. Alishukuru, akatania kwamba kengele yake ina sauti ya kuku. Mama Mushiya alirudia maneno yake ya harusi, tukacheka kama tulivyotakiwa.

Kisha Mama Dodo akasimama. Hakuwa kwenye programu. Alikuja mbele na bidoni lake la njano, maji ya gari, aliyoyapangia foleni tangu alfajiri, na mkono wa pili akiwa na lile kopo la bluu. Sijui alilitoa wapi, ingawa namshuku Mama Mushiya. Akalijaza. Kila mtu uwanjani alielewa. Mama Dodo alikunywa kwanza yeye, mbele ya macho ya Tata, akapangusa midomo na kitambaa cha kichwani, akamnyooshea.

"Tata, mayi iko bien. Ukunywe."

Alilipokea kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, yote, na sisi tukimtazama koo. Alipomaliza aligeuka, kwa mazoea tu, akaelekea upande wa fontene, mkono ukainuka, akaanza: "Bamama..." Bomba lilikuwa kavu na limefungwa kwa mnyororo, na hakukuwa na ndoo hata moja mbele yake. Akaushusha mkono. Tukapiga makofi, kwa kuwa hatukujua la kufanya, na tulipiga kwa muda mrefu.

Tata Tshimanga, kwa niaba ya wenzako wote wa shirika, asante. Asante kwa kila asubuhi uliyokunywa, na zaidi kwa ile asubuhi uliyokataa kunywa. Wajukuu wa Kamisenga wataielewa wakikua, tukijaliwa wakue. Nenda Lubudi na amani, wewe na Mama Mushiya. Misuku yako na iote, uzee wako uwe wa kivuli na maji baridi. Na kila utakapofika ukiwa na kiu, Mungu akupe mtu wa kunywa kwanza mbele yako.

Stany, fundi wa pampu